Soma Maandishi Kabla ya Kushika Spana: Mwongozo wa Plastiki Zenye Nyuzi za Kioo kwenye Gari Lako

Fungua boneti injini ikiwa imepoa, uangalie vitu vyeusi vilivyoizunguka injini. Matangi ya rejeta, kifuniko cha thermostati, manifoldi inayopeleka hewa kwenye silinda, fremu ya feni: vingi kati ya hivi zamani vilikuwa vya shaba, chuma au aluminiamu, na leo ni vya plastiki. Lakini hii si plastiki ya ndoo. Ndani yake kuna nyuzi fupi za kioo, nazo ndizo zinazoiwezesha kukaa jirani na injini inayowaka.

Asiyeijua plastiki hii hupata hasara kwa njia tatu: hununua spea duni, huziba ufa kwa gundi isiyoshika, au hukaza bolti mpaka kitu kinapasuka. Na tangi la rejeta likipasuka ukiwa unapanda milima ya Kitonga au Mai Mahiu, hupotezi rejeta peke yake. Silinda hedi nayo inaweza kupinda kwa joto. Mwongozo huu ni wa mwenye gari, dereva na fundi wa gereji ya kawaida. Utakufaa pia kwa drili za umeme, pampu za maji na mashine nyingine, kwa kuwa plastiki zake nyingi ni za jamii hiyohiyo.

KWANZA: KWA NINI KIOO KIWE NDANI YA PLASTIKI

Plastiki inayotumika zaidi kwenye sehemu za moto za gari ni nailoni 66. Ilitengenezwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, na timu ya Wallace Carothers. Haiyeyuki mpaka ifike takriban nyuzijoto 260 za sentigredi, na haiogopi oili, grisi wala petroli. Ila ina udhaifu mmoja: ikiwa tupu, ukiitwisha mzigo mzito huanza kupinda ikifika sentigredi 70 hivi. Maji ya injini hufanya kazi kati ya sentigredi 85 na 105. Nailoni tupu isingedumu.

Kiwandani huchanganywa na nyuzi za kioo, mara nyingi asilimia 30 ya uzito wote. Kila uzi una unene wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, na urefu usiofika nusu milimita. Baada ya hapo, kwa mzigo uleule, haipindi mpaka ikaribie sentigredi 250, na nguvu yake ya kustahimili kuvutwa huzidi mara mbili. Nyuzi hizo hufanya kazi ya nondo ndani ya zege.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu:

1. Nguvu ina mwelekeo. Nyuzi hulala kufuata njia ambayo plastiki ya moto ilitiririka ndani ya kalibu. Pale mikondo miwili ilipokutana, kwa mfano nyuma ya tundu la bolti, nyuzi hazikuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nyufa nyingi huanzia hapo.
2. Haipindi sana kabla ya kuvunjika. Plastiki laini hukuonya kwa kunyumbuka. Hii ni ngumu, hukatika ghafla.
3. Uzi uliokatika hauungiki tena. Gundi na moto vinaweza kushikamanisha nailoni, lakini haviwezi kurudisha nyuzi zinazovuka ufa. Kumbuka jambo hili kila utakapoamua kama kitu kitengenezwe au kibadilishwe.

PILI: SOMA MAANDISHI YALIYO KWENYE KITU CHENYEWE

Watengenezaji wengi huandika aina ya plastiki kwenye kitu chenyewe, kati ya alama mbili za mishale, kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 11469. Yatafute upande wa ndani au wa chini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni ili herufi zionekane.

Soma hivi: herufi za mwanzo ni aina ya plastiki, herufi baada ya kistari ni kilichoongezwa ndani, namba ni asilimia yake kwa uzito. GF ni nyuzi za kioo, TD ni unga wa talki, MD ni unga wa madini.

- >PA66-GF30< Nailoni 66 yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Ndiyo ya matangi ya rejeta na vifuniko vingi vya thermostati.
- >PA6-GF30< Nailoni 6. Huyeyuka mapema kidogo, kwenye sentigredi 220 hivi. Utaikuta kwenye manifoldi za hewa na magamba ya drili za umeme.
- >PP-GF30< Polipropilini yenye kioo. Huyeyuka karibu na sentigredi 165. Ni ya fremu za feni na mabano, mbali kidogo na moto.
- >PP-TD20< Polipropilini yenye talki, haina kioo. Ni ya maboksi ya chujio la hewa na mapambo ya ndani.
- >PBT-GF30< Ni ya soketi za umeme na vishikio vya taa.
- >PPS-GF40< Plastiki ya hali ya juu, huyeyuka karibu na sentigredi 280 na huvumilia vizuri maji ya moto na kemikali. Huwekwa kwenye baadhi ya pampu za maji na vifuniko vya thermostati.
- >UP-GF< Polyesta yenye kioo isiyoyeyuka kamwe. Usijaribu kuichomelea, itaungua tu.

Ukinunua spea mpya, linganisha maandishi yake na ya ile kuukuu. Kama ya zamani inasema PA66-GF30 na mpya inasema PP, irudishe dukani hata kama zinafanana kwa umbo na rangi.

TATU: HAKUNA MAANDISHI? TUMIA MAJI YA CHUMVI

Maandishi yanaweza kukosekana, na yanaweza pia kudanganya. Kioo ni kizito kuliko nailoni, na uzito huo unapimika jikoni kwako.

1. Chukua lita moja ya maji, mimina takriban gramu 360 za chumvi ya kawaida, koroga mpaka chumvi ikatae kuyeyuka zaidi.
2. Weka maji matupu kwenye chombo cha pili. Tia tone la sabuni ya maji kwenye kila chombo ili mapovu ya hewa yasishike kwenye plastiki.
3. Pata kipande kidogo, safi, kisicho na grisi. Kikate kutoka kitu kilichokwisha kuvunjika, kamwe si kutoka kitu kizima unachokitegemea.
4. Kizamishe kwenye maji matupu, kisha kwenye maji ya chumvi.
5. Soma jibu:
 - Kinaelea kwenye maji matupu: ni polipropilini tupu au jamaa yake.
 - Kinazama kwenye maji matupu lakini kinaelea kwenye chumvi: inaweza kuwa nailoni tupu, ABS, au polipropilini yenye kioo au talki.
 - Kinazama hata kwenye chumvi: kuna kitu kizito ndani, na kwa spea ya injini huenda ni nailoni yenye kioo.

Jibu la tatu lihakikishwe, maana zipo plastiki chache zinazozama kwenye chumvi bila kioo, zikiwemo PVC na asetali ya magiya madogo. Angalia pale kilipovunjika: nailoni yenye kioo huonyesha uso mkavu wa kijivu wenye vinyweleo vinavyokwaruza. Kama una hakika si PVC, chukua kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, kishike kwa koleo, ukiwa nje na upepo ukiwa mgongoni, kisha ukichome. Nailoni hunuka kama nywele zilizoungua. Ikiwa na kioo, hubaki kiunzi cheupe kinachoshika umbo lake na kukwaruza kikishapoa. Ikiwa na unga wa madini, mabaki yake husambaratika.

> TAHADHARI: Moshi wa nailoni una sumu. Choma punje moja tu, nje, usiuvute. Usichome PVC popote, wala plastiki usiyoijua ndani ya nyumba au gereji iliyofungwa.

Kwa spea mpya ambayo huwezi kuikata, tumia mizani. Spea mbili zenye umbo na unene uleule zinapaswa kulingana uzito. Ya nailoni tupu itakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ya PA66-GF30. Tofauti hiyo hata mizani ya duka la rejareja huionyesha.

NNE: MAADUI WANNE WA PLASTIKI HII

Joto la kupita kiasi. Kila gari linapochemsha, nailoni huzeeka kwa kasi. Rangi nyeusi hugeuka kahawia au kijivu, na uso huwa mkavu kama uliopakwa unga.

Maji mabaya. Maji ya kisima, hasa ya Pwani yenye chumvi, hula aluminiamu na kuacha magaga kwenye vijia vya rejeta. Rejeta ikiziba, joto hupanda na tangi la plastiki ndilo linaloumia. Maji matupu pia huchemka mapema: Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji yasiyofunikwa huchemka karibu na sentigredi 94.

Presha. Mfuniko wa rejeta za magari mengi ya Kijapani umeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita moja ya mraba. Tangi lenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 40 lina eneo la sentimita 200 za mraba, kwa 0.9 linabeba msukumo wa kilo 180. Ukiweka mfuniko wa 1.1 mahali pa 0.9, umeongeza kilo 40 juu ya tangi lililokwisha kuzeeka.

Tindikali. Nailoni haiogopi oili, lakini tindikali ya betri huila. Ikimwagika, mwagia maji mengi mara moja.

Wanaonunua magari yaliyotumika wawe makini zaidi. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza; kwa hiyo tangi la rejeta laweza kuwa limekwisha kuchemshwa na kupoozwa kwa miaka saba kabla hujakabidhiwa ufunguo.

TANO: HATUA ZA KUTUNZA REJETA YENYE MATANGI YA PLASTIKI

1. Subiri injini ipoe kabisa. Usifungue mfuniko wa moto hata kwa kitambaa. Maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso.
2. Tazama mstari ambapo tangi la plastiki limebanwa na meno ya aluminiamu. Madoa makavu meupe, mekundu au ya kijani ni kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyovuja.
3. Pitisha kidole kwenye shingo za tangi, pale hosipaipu zinapoingia. Ufa mwembamba huhisiwa kabla haujaonekana.
4. Angalia rangi ya tangi. Likiwa kahawia na kavu, panga kulibadilisha kabla ya safari ndefu.
5. Jaza kulanti iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ikiwa ni ya kuchanganya, tumia nusu kulanti na nusu maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri: tindikali ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.
6. Usichanganye kulanti kwa kufuata rangi tu. Rangi hutiwa tu, haikwambii kilichomo.
7. Nunua mfuniko wenye namba ileile ya zamani.
8. Badilisha kulanti kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, hata kama bado inaonekana safi.

> TAHADHARI: Kulanti ya glaikoli ina ladha tamu na inaua. Usiiache kwenye beseni mahali ambapo watoto, mbwa au kuku wanaweza kuifikia.

SITA: KUKAZA BOLTI BILA KUPASUA

1. Hakikisha kila tundu la bolti lina bushi yake ndogo ya chuma au shaba. Hiyo ndiyo inayobeba mkazo. Bila hiyo bolti inaisaga plastiki.
2. Safisha nyuso zote mbili na uweke gasketi au oringi mpya. Gasketi kuukuu humshawishi fundi kukaza kupita kiasi.
3. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza.
4. Kaza kwa awamu mbili au tatu, ukianzia katikati kwenda nje, au kwa msalaba.
5. Malizia kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Usitumie mashine ya upepo.
6. Ikivuja baada ya hapo, fungua utafute sababu. Usiongeze mkazo.

SABA: IMEPASUKA. UITENGENEZE AU UIBADILISHE?

Jiulize maswali matatu: Je, kina presha? Je, kinaguswa na maji ya moto au petroli? Je, kikikatika njiani, kinaweza kuumiza mtu? Jibu la ndiyo hata mara moja linatosha: badilisha.

Badilisha, usitengeneze: tangi la rejeta, kifuniko cha thermostati, njia za petroli, manifoldi ya injini yenye tabo, panga za feni, pedali, vishikio vya injini, na kitu chochote cha usukani au breki.

Unaweza kutengeneza: fremu ya feni, boksi la chujio la hewa, kifuniko cha juu cha injini, sikio la taa, trei ya betri.

Hata viwanda vikubwa vimejifunza hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ford waliweka manifoldi ya nailoni nzima kwenye injini za V8 za lita 4.6 nchini Marekani, na njia ya maji ya moto iliyopita mbele ya plastiki hiyo ikawa inapasuka. Suluhisho halikuwa gundi. Ilitolewa manifoldi nyingine ambayo njia yake ya maji ni ya aluminiamu.

NANE: HATUA ZA KUCHOMELEA KINACHORUHUSIWA

1. Soma maandishi. Fimbo ya kuchomelea lazima iwe ya jamii ileile: nailoni kwa nailoni, polipropilini kwa polipropilini. Hizi mbili hazishikani.
2. Osha kwa sabuni, suuza, kausha. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hugeuka mapovu ukiupasha moto. Ikaushe kwenye joto la sentigredi 80 kwa saa chache ukiweza.
3. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee.
4. Chonga ufa uwe mfereji wa umbo la V.
5. Yeyusha kingo za mfereji na fimbo kwa pamoja. Fimbo iliyoyeyuka juu ya kingo baridi itabanduka.
6. Upande wa nyuma, zamisha pini za chuma zilizopashwa moto zivuke ufa, au kiraka cha plastiki ileile.
7. Acha kipoe chenyewe. Usikimwagie maji.

Hata ukifanya yote sawasawa, pale ulipounga pana nguvu ya nailoni tupu, si ya nailoni yenye kioo. Ndiyo maana kuna orodha ya vitu visivyotengenezwa.

> TAHADHARI YA VUMBI: Ukisaga au kupiga msasa, nyuzi za kioo huwasha ngozi na macho. Vaa miwani, barakoa na mikono mirefu. Usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Oga kwa maji baridi kwanza bila kujisugua, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

MAKOSA YANAYORUDIWA KILA SIKU

- Kuziba tangi la rejeta kwa sabuni, supagluu au gundi ya chuma na kuendelea kusafiri. Kwa dharura, hiyo ikufikishe gereji ya karibu tu, mwendo wa polepole, macho kwenye geji ya joto.
- Kumwaga dawa ya kuzibia uvujaji kwenye rejeta. Huziba pia vijia vya maji na vya hita.
- Kuondoa thermostati ili gari lisichemshe. Chanzo cha joto hubaki palepale.
- Kumwaga maji baridi kwenye injini inayochemka. Plastiki na silinda hedi hupasuka kwa mshtuko.
- Kununua kwa rangi na kung'aa. Nailoni yenye kioo mara nyingi ina uso mkavu kidogo, na kung'aa si dalili ya ubora.

ORODHA YA KUKAGUA DUKANI

☐ Maandishi ya plastiki yapo na yanalingana na ya zamani
☐ Uzito unalingana na wa zamani
☐ Bushi za chuma zipo kwenye kila tundu la bolti
☐ Hakuna mistari wala nyufa kuzunguka shingo na matundu
☐ Uso wa kukaa gasketi umenyooka (uweke juu ya kioo cha meza)
☐ Hakuna mabaki ya plastiki yaliyoziba njia za maji
☐ Risiti ina jina la duka na jina la spea

Kata orodha hii uiweke kwenye gari, na umwonyeshe fundi wako kabla hajafungua boksi la vifaa. Msisitize asome maandishi kwanza. Na kitu chochote chenye presha au maji ya moto kikipasuka, usikubali kiungwe: nunua kingine chenye kioo kilekile ndani. Gharama ya tangi la rejeta haikaribii gharama ya injini.